Jua Litakapopatwa: Mwongozo wa Kulitazama Ukiwa Arusha au Moshi

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utapita mbele ya jua mchana kweupe na kulimega upande wake wa kaskazini, na mkazi yeyote wa Arusha au Moshi aliyejiandaa ataweza kulifuatilia tukio hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuyadhuru macho yake. Wasiojiandaa watakuwa wa aina mbili. Wapo watakaoendelea na shughuli zao bila kujua kwamba kuna jambo angani, kwa kuwa mwanga wa mchana hautapungua kiasi cha kumshtua mtu. Na wapo watakaosikia habari dakika za mwisho, wakainua nyuso zao juani wakiwa na chochote kilicho karibu, iwe picha ya eksirei, miwani ya jua au beseni la maji. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi, hasa wakiwa watoto, na ni kwa ajili yao nimeandika mwongozo huu, ambao utafaa pia kwa kila kupatwa kwa jua kutakakofuata kaskazini mwa Tanzania.

Neno moja linatangulia mengine yote: ujue kwanza umesimama wapi ukilinganisha na njia ya kivuli cha mwezi. Ukishalijua hilo utajua utakachokiona, utakiona upande gani, saa ngapi, na kama kuna sababu ya kufunga safari au unaweza kubaki nyumbani.

Hatua ya kwanza: Elewa jinsi kivuli kinavyoifikia dunia

Jua hupatwa pale mwezi unapopita katikati ya jua na dunia, na kivuli chake kikaanguka juu ya uso wa dunia. Jambo hili haliwezekani isipokuwa wakati wa giza la mwezi, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani usiku kucha, na kwa sababu hiyo jua hupatwa siku moja au mbili kabla ya mwezi kuandama. Anayefuatilia mwandamo kwa ajili ya funga na sikukuu anaweza kulithibitisha hili mwenyewe: atazame magharibi jioni ya siku inayofuata, baada tu ya jua kuzama, na kama anga ni safi mara nyingi atauona mwezi mwembamba, ule ule ulioziba jua jana yake.

Swali linaloulizwa na kila mwanafunzi makini ni hili: ikiwa giza la mwezi huja kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Mwalimu anaweza kulijibu uwanjani kwa gololi na ndimu. Gololi yenye kipenyo cha sentimita 1 iwe mwezi, na ndimu yenye kipenyo kisichofika sentimita 4 iwe dunia. Kwa kipimo hicho gololi inatakiwa kukaa mita 1.1 kutoka kwenye ndimu, nalo jua litakuwa tufe lenye upana wa mita 4 lililo umbali wa mita 430, yaani zaidi ya urefu wa viwanja vinne vya mpira vilivyounganishwa. Sasa, njia ya mwezi kuizunguka dunia haiko sawasawa na njia ya dunia kulizunguka jua, bali imeinama kwa takribani nyuzi 5. Nyuzi hizo zinaonekana chache, lakini katika uwanja wetu zinatosha kuipandisha au kuishusha gololi kwa karibu sentimita 10, ilhali ndimu yenyewe haifiki sentimita 4. Hivyo miezi mingi kivuli hupita juu au chini ya dunia na kupotelea angani. Huigusa dunia pale tu giza la mwezi linapoangukia karibu na mahali njia hizo mbili zinapokatana, na majira ya namna hiyo hurudi kila baada ya siku 173 hivi. Ndiyo maana kila mwaka jua hupatwa angalau mara mbili mahali fulani duniani, na kamwe si zaidi ya mara tano.

Katika uwanja huo huo mwanafunzi ataona jambo lingine, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Jua lina upana wa takribani mara 400 wa mwezi, na pia liko mbali nasi takribani mara 400 ya mwezi, kwa hiyo viwili hivyo huonekana angani vikiwa na ukubwa unaokaribia kulingana. Umbali wa mwezi hata hivyo haubaki mmoja: hukaribia hadi kilomita 356,000 na kwenda mbali hadi kilomita 407,000. Mwezi ukiwa karibu huliziba jua lote, na huko ndiko kupatwa kamili. Ukiwa mbali hauwezi kulifunika lote, kwa hiyo pete ya moto hubaki kuuzunguka pande zote, na huko ndiko kupatwa kwa kipete. Mara chache sana kupatwa huanza kwa kipete na kugeuka kuwa kamili njiani, kama ilivyotokea tarehe 3 Novemba 2013, kivuli kilipovuka kaskazini mwa Uganda na eneo la Turkana nchini Kenya.

Kivuli chenyewe kina sehemu mbili. Sehemu ya kati, ambayo hapa nitaiita kivuli kikuu, ni nyembamba. Upana wake juu ya ardhi ni nadra kuzidi kilomita 270. Sehemu ya pembeni, kivuli hafifu, huenea maelfu ya kilomita kila upande, na aliye ndani yake huona jua likiwa limemegwa tu. Kivuli chote hukimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, na karibu na ikweta kasi yake haishuki sana chini ya kilomita 1,700 kwa saa.

Hatua ya pili: Itafute njia ya kivuli kwenye ramani

Shirika la anga la Marekani, NASA, limechapisha orodha ya kupatwa kwa jua 11,898 katika kipindi cha miaka 5,000, kuanzia mwaka 2000 kabla ya Kristo hadi mwaka 3000. Kati ya hizo, 3,173 ni za kupatwa kamili, 3,956 ni za kipete, 569 ni za mseto kama ule wa mwaka 2013, na zilizobaki 4,200 ni zile ambazo kivuli kikuu hakikuigusa dunia kabisa, au hakitaigusa. Ramani za matukio hayo zinapatikana bure kwenye intaneti, na kuzisoma si kazi ngumu. Tafuta mstari mwembamba uliokolezwa rangi ukivuka mabara: hiyo ndiyo njia ya kivuli kikuu. Mistari mingine iliyo mbali nao huonyesha kiasi cha jua kitakachofunikwa, kikipungua kadiri unavyouacha mstari wa kati, hadi kufikia mpaka ambapo hapaonekani kitu.

Ukiipata Arusha kwenye ramani hiyo, jiulize mambo mawili. La kwanza, je, iko ndani ya mstari wa kati? Mara nyingi sana jibu litakuwa hapana, kwa kuwa mahali pamoja duniani hupitiwa na kupatwa kamili kwa wastani mara moja katika takribani miaka 375. La pili, mstari huo uko upande gani wa Arusha? Jua humegwa upande ule ule uliko mstari. Tarehe 1 Septemba 2016 njia ilipita kusini mwa Tanzania, kwa hiyo sisi wa kaskazini tulimegewa jua upande wa kusini. Mwaka 2027 njia itapita kaskazini na kaskazini-mashariki yetu, kwa hiyo jua litamegwa upande wa kaskazini; na kwa kuwa saa hizo jua litakuwa juu sana likielekea kaskazini-magharibi, atakayesimama akilielekea ataona limepungua upande wa chini.

Tukio la 2016 linafaa kukumbukwa kwa sababu linafundisha umuhimu wa kilomita chache. Njia ya kipete ilikuwa na upana wa kilomita 100 tu ilipokuwa katika kilele chake kusini mwa nchi yetu, saa sita na dakika saba mchana. Watu waliofika Rujewa, wilayani Mbarali, walisimama ndani ya njia hiyo wakaiona pete nzima ikiwa imeuzunguka mwezi ambao kipenyo chake kilikuwa takribani asilimia 97 ya kile cha jua. Arusha na Moshi waliona jua lililomegwa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko asilimia zinavyodokeza, na namshauri yeyote mwenye uwezo wa kusafiri asiridhike na kumegwa pale ambapo pete au kupatwa kamili kuko ndani ya mwendo wa basi.

Kwa wazee wetu kuna jambo la kuvutia kuhusu tarehe ya 2 Agosti 2027. Mpangilio wa jua, dunia na mwezi hujirudia karibu sawasawa baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8. Zile saa 8 za ziada huifanya dunia iwe imejizungusha theluthi moja zaidi, hivyo tukio linalofuata huangukia sehemu nyingine ya dunia; lakini baada ya mizunguko mitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, theluthi tatu hukamilisha mzunguko mzima na kivuli hurudi kwenye bara lile lile. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli kikuu kilivuka Afrika kutoka Mauritania hadi Kenya na Somalia, kikipita Ziwa Turkana, na kilele chake kilidumu dakika 7 na sekunde 4. Siku hiyo ndege ya Concorde ilikimbizana na kivuli juu ya Sahara, na waliokuwa ndani walibaki gizani kwa dakika 74. Tukio hilo lilifuatiwa na la tarehe 11 Julai 1991, kisha la tarehe 22 Julai 2009, na sasa linakuja la 2027, likiwa limerudi Afrika. Babu au bibi anayekumbuka jua la mwaka 1973 atakuwa analitazama tukio la ukoo ule ule.

Safari hii kivuli kikuu kitaingia Hispania na Moroko, kivuke Algeria, Tunisia, Libya na Misri, kisha Saudi Arabia, Yemen na Somalia. Karibu na Luxor nchini Misri giza litadumu zaidi ya dakika 6, na miji ya Makka na Jeddah itakuwa ndani ya njia, jambo ambalo wanaopanga umra kipindi hicho wanapaswa kulijua mapema. Arusha na Moshi jua litamegwa chini ya nusu ya kipenyo chake.

Nafasi kubwa zaidi kwa Watanzania ni Jumatano, tarehe 21 Mei 2031. Kupatwa kwa kipete kutaanzia Angola, kupitia Zambia na Kongo, kuvuka Tanzania asubuhi, kisha kuvuka Bahari ya Hindi hadi kusini mwa India na Sri Lanka. Hapo ndipo shule zenye mabasi na vyama vya wanafunzi wa sayansi wanapotakiwa kuweka akiba kuanzia sasa, wachague mji ulio karibu na mstari wa kati, na wafike huko siku moja kabla.

Hatua ya tatu: Badili saa kwa usahihi

Makosa mengi hutokea hapa. Ramani na majedwali hutumia saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, nasi tunapohesabu kwa Kiswahili tunaanza upya alfajiri, tofauti ya saa 6. Badala ya kujumlisha tatu kisha kutoa sita, toa tatu moja kwa moja: saa 10:07 ya kimataifa ni saa 7:07 mchana kwetu. Kwa matukio yote yanayoonekana hapa kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, kanuni hiyo haikosei.

Zingatia pia kwamba saa 7:07 mchana, ambayo ndiyo saa ya kilele cha kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027, ni saa ya kilele duniani, kivuli kikiwa kinapita Misri. Arusha itafikia kilele chake baadaye kidogo, kivuli kitakapokuwa kimeshuka kuelekea Yemen na Somalia. Majedwali yanayokuruhusu kuchagua mji yatakupa saa tatu: ya kuanza, ya kilele na ya kumalizika. Ziandike zote tatu na kuzibandika mahali zinapoonekana, kwa kuwa tukio zima huchukua saa mbili au zaidi, na maimamu wanaopanga swala ya kusufu, yaani ile ya kupatwa kwa jua, wanahitaji kujua mwanzo na mwisho, si kilele peke yake.

Hatua ya nne: Yalinde macho, na usikubali njia ya mkato

Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, yaani retina, haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu anaweza kuiunguza kwa sekunde chache na asihisi kitu, akaendelea kutazama, na madhara akayaona baada ya saa kadhaa. Jua likiwa limemegwa halipungui ukali katika sehemu iliyobaki. Kinachopungua ni mng'ao wa jumla, ule uliokuwa ukimfanya mtu afumbe macho bila kufikiri. Kwa hiyo siku ya kupatwa ni ya hatari kuliko siku nyingine: si kwa sababu jua limebadilika, bali kwa sababu siku hiyo mtu ana hamu ya kulikodolea macho.

Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha kimataifa, ISO 12312-2. Miwani ya namna hiyo haipitishi zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga unaoonekana, na ukiivaa ndani ya nyumba hutaona kitu chochote, hata taa iliyowashwa utaiona kwa shida. Hilo ndilo jaribio la kwanza: miwani inayokuonyesha samani za chumbani si ya kutazamia jua, hata ikiwa imeandikwa maneno gani. Ikague kwenye mwanga kabla ya siku yenyewe. Ikiwa na mkwaruzo, tundu dogo kama la sindano au mkunjo, itupe. Kioo cha mafundi wa kuchomelea kinafaa pia iwapo ni namba 14, lakini vioo vingi wanavyotumia mafundi kwa kazi za kila siku ni namba 10 au 11, na hivyo havitoshi. Uliza namba, isome mwenyewe pembeni mwa kioo, na kama haipo usikitumie.

Beseni la maji linastahili maelezo yake, kwa sababu linaaminiwa na watu wazima wenye nia njema. Maji yaliyotulia huakisi takribani asilimia 2 ya mwanga wa jua lililo juu. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ukikilinganisha na asilimia 0.0032 ya miwani salama utaona kwamba mwanga unaotoka beseni unazidi kipimo cha usalama kwa zaidi ya mara 600. Picha ya eksirei nayo hudanganya kwa weusi wake: huzuia mwanga unaoonekana, lakini huweza kupitisha mionzi ya joto isiyoonekana, na hiyo nayo huunguza. Miwani ya kawaida ya jua, hata ukivaa miwili pamoja, kioo kilichopakwa masizi, na vipande vya filamu za kamera viwekwe katika kundi hilo hilo.

Usitazame jua kwa darubini ukiwa umevaa miwani maalumu, kwani lenzi hukusanya mwanga na kuichoma miwani pamoja na jicho. Chujio la darubini hufungwa mbele ya lenzi, upande unaoelekea jua. Ukipiga picha kwa simu, shikilia kipande cha miwani maalumu ya kutazamia jua mbele ya lenzi, na macho yako yabaki kwenye kioo cha simu.

Nisisitize pia jambo linalowachanganya waliosoma habari za nchi nyingine. Maelekezo ya kuvua miwani yanahusu dakika chache za kupatwa kamili, kwa aliye ndani ya njia ya kivuli kikuu peke yake. Arusha na Moshi mwaka 2027 hakutakuwa na dakika hata moja ya kuvua, na mwaka 2031 hata walio ndani ya njia ya kipete wataibakiza miwani usoni muda wote.

Hatua ya tano: Tengeneza kifaa cha tundu

Kwa darasa la wanafunzi wengi napendelea njia hii kuliko miwani, kwa sababu mtoto analipa jua mgongo na hakuna anayeweza kujidhuru kwa kuchungulia. Chukua boksi refu, kama la friji au maboksi mawili yaliyounganishwa kwa selotepu, liwe na urefu wa mita 1 au zaidi. Kata dirisha dogo upande mmoja wa mwisho, ulizibe kwa karatasi ya foili iliyonyooshwa vizuri, kisha toboa katikati ya foili tundu moja kwa sindano. Upande wa pili, ndani, bandika karatasi nyeupe. Kata uwazi ubavuni, karibu na karatasi nyeupe, wa kuchungulia taswira kutoka pembeni. Mtoto asimame jua likiwa nyuma yake, aelekeze foili kwenye jua hadi kivuli cha boksi ardhini kiwe kidogo iwezekanavyo, na duara la mwanga litaangukia kwenye karatasi.

Ukubwa wa duara hilo hutegemea urefu wa boksi: gawanya urefu kwa 108. Boksi la mita 1 hutoa taswira ya milimita 9, na la mita 2 hutoa milimita 18 na zaidi. Kupanua tundu hakukuzi taswira. Huiongezea mwanga tu na kuipunguzia ukali wa kingo zake. Taswira huwa imepinduliwa, kwa hiyo mwaka 2027 sehemu iliyomegwa, ambayo angani itakuwa chini, kwenye karatasi itaonekana juu. Mweleze mtoto kabla, ili asidhani kifaa kimeharibika.

Atakayetaka taswira kubwa itakayoonekana na watu wengi kwa pamoja atumie kioo kidogo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi iliyokatwa tundu la milimita 5, kiegemeze mahali imara, na kirushe mwanga kwenye ukuta mweupe ulio kivulini umbali wa mita 20. Duara litakalotokea litakuwa na upana wa karibu sentimita 18, nalo litaonyesha mwezi ukisogea kidogo kidogo. Watazamaji wauelekee ukuta, na mtu mzima asimame karibu na kioo kuhakikisha hakuna anayekiinamia.

Hata asiye na kifaa atapata ya kwake akijua pa kutazama. Ndani ya nyumba au stoo iliyoezekwa mabati ya zamani, kila tundu la msumari huangusha sakafuni doa la mwanga, na siku za kawaida madoa hayo ni ya mviringo. Jua likipatwa, kila doa humegwa: sakafu nzima hujaa vijua vidogo vilivyolika upande mmoja. Hali ni hiyo hiyo chini ya mwembe, au kwenye vihamba vya Moshi mahali ambapo mwanga hupenya katikati ya majani ya miti ya kivuli iliyo juu ya kahawa. Mara nyingi hili huwavutia watu kuliko jua lenyewe, na halimdhuru yeyote.

Hatua ya sita: Chagua mahali, na ulikimbie wingu

Mwezi wa Agosti, asubuhi za Arusha huwa za baridi na mawingu mazito yaliyoegemea Mlima Meru, na mara nyingi huachia kadiri mchana unavyosonga. Upande wa Moshi, mawingu hukaa kwenye miteremko ya juu, hivyo anga ya Marangu, Machame au Kibosho inaweza kufunga kabisa huku tambarare zikiwa na jua. Kanuni ni moja: shuka uende kukavu. Mkazi wa mteremko wa Kilimanjaro ashuke Kahe au Arusha Chini. Mkazi wa Arusha mjini atafute tambarare za Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA, au aelekee Makuyuni. Tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni iliyotangulia, na uamuzi wa kuhama ufanywe asubuhi, kwa sababu baada ya jua kuanza kumegwa safari itakula muda wa kutazama. Kwa Mei 2031 tahadhari iongezwe, kwani hizo ni siku za mwishomwisho wa masika.

Milima haitakuzibia jua. Hata kutoka Moshi mjini, kilele cha Kibo hakifiki nyuzi 10 juu ya upeo, na jua la mchana wa Agosti litakuwa juu yake mbali sana.

Wiki hiyo pia ni ya Nane Nane, na kwa desturi viwanja vya Themi huwa na umati. Wenye mabanda ya shule na vyuo wana nafasi nzuri ya kuweka kile kioo kidogo na ukuta mweupe.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Fika dakika 30 kabla, upange vifaa kivulini, na uwagawie watoto miwani mmoja mmoja ukiwaeleza kuivaa wakiwa wameinamisha vichwa, wainue uso, watazame, wainamishe uso tena, ndipo waivue. Miwani michache ikizunguka kwa watu wengi inatosha, kwani hakuna haja ya kutazama mfululizo. Sekunde chache kila baada ya dakika 5 zitakuonyesha mabadiliko yote. Mwanafunzi mmoja achore duara kwa kalamu kila dakika 10, aweke saa pembeni, na kuonyesha kiasi kilichomegwa. Michoro hiyo ikipangwa kwa mstari itaonyesha mwendo wa mwezi waziwazi.

Usiwafungie watoto ndani. Mionzi ya jua siku hiyo ni ile ile ya kila siku. Haidhuru chakula, haimdhuru mjamzito, na mtu anaweza kutembea nje na kufanya kazi zake kama kawaida mradi tu asilikodolee jua macho.

Hatua ya nane: Dalili za kufuatilia

Siku hiyo na siku mbili zinazofuata, waulize watoto kama wanaona doa jeusi au ukungu katikati ya wanachokitazama, kama mistari ya daftari inaonekana imepinda, au kama rangi zimefifia. Wapime jicho moja moja, lingine likiwa limefunikwa, kwa sababu jicho zima huficha tatizo la mwenzake. Dalili yoyote kati ya hizo ikijitokeza, mpeleke mtoto kwenye kliniki ya macho bila kusubiri. Kwa Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya macho. Usimtie dawa ya matone uliyojinunulia wala dawa ya kienyeji, na mweleze daktari mtoto alitazama jua kwa kutumia nini na kwa muda gani.